Naibu Waziri wa Afya na zahanati ya mtaani kwako: tunayoyaamini na yaliyopo kweli

Jamani leo naandika kwa urefu kidogo maana hili jambo limenikaa moyoni tangu lile tukio la mtaani kwetu huku Mbagala, manispaa ya Temeke, Dar es Salaam. Dada mmoja alishikwa uchungu saa nane usiku, wakamkimbiza zahanati ya karibu, wakakuta mlinzi yupo na taa inawaka lakini mkunga hamna, zamu ya usiku haina mtu, ikabidi wakodi bajaji mpaka hospitali kubwa na mtoto nusura azaliwe njiani. Alijifungua salama, alhamdulillah. Asubuhi grupu la mtaa linawaka, na hasira zote zikaenda kwa mtu mmoja, Naibu Waziri wa Afya, watu wakamtagi kila posti na mimi nikiwemo, tukasubiri wiki mbili kimya. Mpaka mama mmoja muuguzi mstaafu akatuma voisi: "Wanangu, mmebisha hodi nyumba siyo. Hiyo zahanati ina mwenyewe, na mwenyewe yupo hapahapa Temeke."

Ndo nikaanza kufuatilia.

Dhana ya kwanza ni hiyohiyo, kwamba zahanati ikikosa mkunga au dawa basi Naibu Waziri wa Afya kalala. Ukweli ni kwamba zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya za serikali zinaendeshwa na halmashauri, na halmashauri zipo chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, siyo Wizara ya Afya. Kwa hapa Dar unaongelea Jiji (ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala, ilipandishwa 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Msimamizi wa vituo vyote vya manispaa ni Mganga Mkuu wa Manispaa, watu wa afya wanamwita DMO, na bosi wake wa kazi ni Mkurugenzi wa manispaa. TAMISEMI nayo ina waziri wake na manaibu wake, na wamekuwa na naibu katibu mkuu wa kushughulikia afya hukohuko ndani. Wizara ya Afya yenyewe inabaki na sera, miongozo, chanjo, magonjwa ya mlipuko, na hospitali za juu kuanzia za rufaa za mikoa mpaka Muhimbili. Na hata hizo za mikoa hazikuwa zake siku zote, Amana, Temeke na Mwananyamala zilikuwa TAMISEMI mpaka Rais Magufuli alipoelekeza 2017 kwamba hospitali za rufaa za mikoa zihamie wizarani. Kwahiyo mgonjwa akianzia zahanati asubuhi akapewa rufaa jioni akalazwa hospitali ya Temeke, ameshapita mamlaka mbili kwa siku moja, na malalamiko ya asubuhi na ya jioni hayaendi mlango mmoja. Hili hakuna anayetufundisha, na linatuumiza sana.

Wapo wanaosema naibu ni namba mbili wa wizara kwahiyo anakaa Baraza la Mawaziri na anashika hela. Katiba ya 1977 ibara ya 55 imeandika wazi kabisa, Rais anaweza kuteua Naibu Mawaziri baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, idadi yoyote anayoona inafaa, kazi yao kuwasaidia mawaziri, na hawatakuwa wajumbe wa Baraza la Mawaziri. Yaani pale maamuzi makubwa yanapokatwa yeye hayupo mezani. Na hela za wizara afisa masuuli ni Katibu Mkuu, yeye ndo anasaini na yeye ndo anaitwa na wakaguzi. Halafu kuna Naibu Katibu Mkuu, ambaye ni mtumishi na siyo mwanasiasa, watu wanamchanganya na Naibu Waziri kila siku. Na mkuu wa taaluma ya udaktari serikalini ni Mganga Mkuu wa Serikali, huyo ndo anayekwambia kitaalamu kwamba huu ni ugonjwa gani na tufanye nini.

Kingine, kwamba lazima awe daktari. Naelewa kimetoka wapi maana manaibu wengi tuliowazoea walikuwa madaktari, Kigwangalla, Ndugulile, Mollel. Lakini sharti la Katiba ni awe mbunge, basi, hamna mahali panasema awe na shahada ya udaktari. Ummy Mwalimu aliyekuwa Waziri wa Afya kwa miaka mingi ni mwanasheria. Mimi binafsi naona kusomea kunasaidia ila siyo kigezo cha kumpima nacho. Marehemu Faustine Ndugulile tunamjua vizuri hapa Dar, mbunge wa Kigamboni tangu 2010, akawa Naibu Waziri wa Afya kuanzia Oktoba 2017 mpaka Mei 2020 alipoondolewa, na wengi wakadhani habari yake imeishia hapo. Agosti 2024 akachaguliwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, akafariki Novemba mwaka huohuo kabla hajaanza kazi, Mungu amrehemu. Nafasi ya naibu ilikuwa hatua moja tu kwenye safari yake.

Haya, ziara. Tunapenda sana zile video naibu anaingia wodini anafoka, "huyu asimamishwe kazi leo," na watu wanapiga makofi. Mtumishi wa manispaa mamlaka yake ya nidhamu ni Mkurugenzi, na kuna utaratibu wa kisheria, apewe mashtaka, ajieleze, kamati ichunguze. Daktari akikosea kitaaluma kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi naye ana baraza lake. Agizo la kwenye kamera linaweza kuanzisha huo mchakato ila haliwezi kuumaliza, na mchakato ukirukwa mtumishi anakata rufaa anarudi, halafu sisi tunabaki tunashangaa mbona yule dada wa dirishani yupo tena.

Sasa hili ndo linaniuma kuliko yote, watu kudhani afya ya jamii ni hospitali na madawa. Afya ya jamii ni kazi ya kuhakikisha hufiki huko hospitali. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia hapahapa Dar kikasambaa mikoa mingine. Sasa jiulize kinazuiwaje. Maji safi ni DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, ipo chini ya Wizara ya Maji. Taka na mitaro ni manispaa. Vyoo ni wewe na mwenye nyumba wako, na bwana afya wa kata akija kukagua ndo sheria inavyotaka, tunayo Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Chakula cha dukani kilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, lakini 2019 kazi hiyo ikahamia TBS, shirika la viwango, ambalo lipo chini ya wizara ya viwanda na biashara, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba ikaitwa TMDA. Kwahiyo Naibu Waziri wa Afya anasimama kujibu kuhusu kipindupindu wakati nusu ya vitu vinavyokileta vipo kwa wenzake. Kazi yake kubwa hapo ni kuwasukuma hao wenzake na kutoa taarifa mapema watu wajue, ukimya kwenye mlipuko unaua.

Homa ya dengi nayo ilitupiga 2014 ikatupiga tena 2019, na kila mtu analilia vyandarua. Mbu wa dengi anauma mchana, na anazaliana kwenye maji yaliyotulia karibu na nyumba, tairi kuukuu nje ya gereji, kifuu cha nazi, ndoo isiyofunikwa, sahani ya chini ya chungu cha maua. Mbu huyo hamna naibu waziri atakayemtoa kwenye tairi lako, ila elimu, vipimo na takwimu za wagonjwa ni jukumu la wizara na hapo ndo tumbane.

Kuna ndugu zetu wanauliza mbona hafiki Zanzibar. Afya siyo jambo la Muungano, Zanzibar wana wizara yao na waziri wao, huyu wetu ni wa Bara. Hata Uingereza ipo hivo, waziri mdogo anayepewa afya ya jamii, mambo ya sigara, unene na chanjo, anashughulika zaidi na England, maana Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wanaendesha afya yao wenyewe.

Baada ya kusoma yote haya mtu anaweza kusema kumbe naibu hana kazi. Hapana, hapo sikubali kabisa. Asubuhi kule Dodoma kikao cha Bunge kina kipindi cha maswali, na sehemu kubwa ya maswali ya wizara wanajibu manaibu. Mbunge anauliza swali lake la msingi halafu anapewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na kila kinachojibiwa kinaingia kwenye Hansard, taarifa rasmi, ipo kwenye tovuti ya Bunge na unaweza kuisoma kwa simu yako. Naibu akisema jengo la wazazi litakamilika mwaka huu wa fedha, hilo ni neno la Serikali lenye tarehe na lenye jina. Komenti kwenye posti yake haina nguvu hiyo hata ukipata laiki elfu kumi. Kwahiyo ukitaka kumfikia naibu pita kwa mbunge wako, mpe maandishi, taja kituo, taja tarehe, taja kilichokosekana. Na kama ni zahanati mwambie aelekeze swali TAMISEMI, likienda Afya litajibiwa juujuu.

Sisi huku mtaani tulianza chini kabisa. Mama yetu muuguzi akatuandikia barua, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri, nakala moja kwa diwani, moja kwa DMO, moja tukaipeleka kwa kamati ya kituo ambayo ina wawakilishi wa wananchi na wengi wetu tulikuwa hatujui kama ipo. DMO alituita tukakaa naye karibu saa nzima, akatuonyesha ratiba na upungufu wake wa watumishi, akasema ukweli kwamba wakunga alionao hawatoshi vituo vyote. Baada ya miezi miwili akaletwa mkunga wa usiku, yupo mpaka leo, anaingia saa mbili kasoro. Mtaalamu wa maabara bado hatujapata, na barua ya pili ipo kwa mbunge tangu Jumatatu.