Maana ya kuondoa jinai katika biashara ya ngono

Kuondoa jinai katika biashara ya ngono ni kufuta makosa yanayomfanya mtu mzima akamatwe na kushtakiwa kwa sababu tu ameuza au amenunua ngono kwa hiari, na kuiacha shughuli hiyo isimamiwe na sheria zilezile zinazosimamia kazi nyingine, yaani sheria za ajira, afya, mikataba na matumizi ya majengo. Hatua hiyo haina maana kwamba dola imeubariki ukahaba. Wala haina maana kwamba ubakaji, usafirishaji haramu wa binadamu, kumlazimisha mtu ajiuze au kumtumia mtoto wa chini ya miaka 18 vimeacha kuwa makosa. Hayo yote hubaki jinai, na wanaoipinga dhana hii bila kulitambua hilo huwa wanapinga kitu kingine kabisa.

Ili kujua kinachoondolewa, ni lazima kwanza kuitazama jinai yenyewe, ambayo wengi hudhani wanaijua. Tanzania Bara, kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinamweka kahaba anayezurura au kutafuta wateja hadharani katika kundi moja na ombaomba na watu wanaocheza kamari barabarani. Ndiyo maana wanawake wanaokamatwa usiku katika misako ya mijini mara nyingi husomewa shtaka la uzururaji. Kinachoadhibiwa hapo ni kuonekana. Anayepokea wateja kwa simu, katika nyumba yenye geti, yuko mbali na mkono wa kifungu hicho kuliko yule anayesimama kandokando ya barabara, na tofauti kati ya wawili hao kwa kawaida ni kipato, si mwenendo. Uganda imekwenda mbali zaidi, kwani sheria yake ya adhabu inakitaja kitendo chenyewe cha kufanya ukahaba na kukiwekea kifungo cha hadi miaka 7.

Kenya inaonyesha upande mwingine wa jinai hii. Vifungu vya 153 na 154 vya sheria yake ya adhabu vinawalenga watu wanaoishi kwa mapato ya ukahaba wa wengine, jambo ambalo kwa kulisikia tu linaonekana la haki, kwa kuwa hakuna anayependa kumtetea kuwadi. Lakini kifungu cha 153 kinaongeza kwamba mwanamume akithibitika kuishi na kahaba, au kuwa naye mara kwa mara, huhesabiwa kuwa anaishi kwa mapato yake mpaka yeye mwenyewe airidhishe mahakama kwamba sivyo. Mume, ndugu wa kiume, hata kijana mtu mzima anayelipiwa ada ya chuo na mama yake, wanaweza kuingizwa humo, na mzigo wa kuthibitisha umewageukia wao.

Vifungu vya namna hii tulivirithi kutoka katika sheria za Kiingereza wakati wa ukoloni, na nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza zina maneno yanayokaribiana sana. Malawi ni mfano mzuri. Mwaka 2009 wanawake 19 walikamatwa na kutiwa hatiani kwa kosa la kuishi kwa mapato ya ukahaba, yaani mapato yao wenyewe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Malawi, ikikaa Zomba, iliifuta hatia hiyo kwa hoja kwamba kosa hilo liliwekwa ili kumwadhibu anayemnyonya kahaba, si kahaba mwenyewe. Kwa miaka kadhaa, basi, kifungu kilichotungwa kwa ajili ya ulinzi kilikuwa kimewaadhibu wale waliopaswa kulindwa.

Sasa tofauti inayochanganya wengi. Kuhalalisha si kuondoa jinai. Nchi inapohalalisha, dola huunda mfumo maalumu wa biashara hii, wenye usajili, vibali, maeneo yaliyotengwa na wakati mwingine vipimo vya lazima, na aliye nje ya mfumo huo hubaki mkosaji. Senegal imekuwa na mpango huo tangu mwaka 1969: mwanamke awe ametimiza miaka 21, ajiandikishe, abebe kitabu cha afya na kuhudhuria kliniki kwa vipindi vilivyopangwa. Wengi hawajiandikishi, na sababu haihitaji utafiti mrefu, kwani katika jamii inayojali heshima ya ukoo, jina likishaingia katika daftari la polisi halitoki kirahisi. Ujerumani nayo ilitunga sheria yake mwaka 2002 na kuongeza sharti la usajili mwaka 2017.

Njia ya tatu ni ya Uswidi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1999. Huko anayeuza ngono si mkosaji, ila anayenunua ni mkosaji. Msingi wake ni kwamba ukahaba ni sura mojawapo ya ukatili wa wanaume dhidi ya wanawake, na kwamba soko litadhoofika mnunuzi akibanwa. Norway na Iceland zilifuata mwaka 2009, Ufaransa mwaka 2016. Hoja hii ina uzito, na tathmini ya serikali ya Uswidi ya mwaka 2010 ilisema ukahaba wa barabarani ulikuwa umepungua kwa nusu. Wakosoaji hujibu kwamba barabara si mahali pekee pa biashara hii, na kwamba mteja anayeogopa polisi hutaka makubaliano ya haraka, mahali pa giza, bila kutaja jina lake, na hali hizo humwongezea hatari mwanamke asiyekuwa na kosa lolote mbele ya sheria. Isitoshe, sheria zinazomkataza mwenye nyumba kupangisha kwa ajili ya ukahaba hubaki zikifanya kazi. Mjini Oslo polisi waliwahi kuendesha operesheni ya kuwabana wenye nyumba mpaka wanawake hao wakafukuzwa walikokuwa wamepanga.

New Zealand ndiyo nchi inayotajwa zaidi inapozungumzwa kuondoa jinai. Sheria yake ya mwaka 2003 ilipita kwa kura 60 dhidi ya 59, huku mbunge mmoja akijizuia kupiga kura. Wafanyakazi wasiozidi 4 wanaweza kufanya kazi katika nyumba moja bila cheti cha uendeshaji, mradi kila mmoja ashike mapato yake mwenyewe. Danguro lenye mwendeshaji linahitaji cheti. Kondomu ni lazima, na mfanyakazi ana haki ya kukataa hata baada ya makubaliano. Kamati iliyoipitia sheria hiyo mwaka 2008 haikuona kwamba idadi ya wanaofanya kazi hiyo imeongezeka. Mwaka 2014 baraza la haki za binadamu la nchi hiyo liliamuru mwanamke aliyekuwa akifanya kazi katika danguro alipwe dola 25,000 za New Zealand kwa sababu bosi wake alikuwa akimnyanyasa kijinsia kwa maneno. Kwangu mimi shauri hilo linaieleza dhana hii kuliko kifungu chochote. Mwanamke huyo alilalamika kama mfanyakazi mwingine yeyote, na hakuna aliyemuuliza kwanza kwa nini yeye mwenyewe asishtakiwe.

Hata hivyo sheria hiyo ina tundu kubwa. Mgeni mwenye viza ya muda haruhusiwi kufanya kazi hii, na akikutwa anaifanya anaweza kurudishwa kwao, kwa hiyo kwake hofu ya polisi iko palepale. Watetezi wa kuondoa jinai wangefaa kulisema hilo kwa sauti zaidi kuliko wanavyofanya.

Kwa nchi zetu, kufuta kifungu kimoja cha uzururaji hakutatosha. Zipo sheria ndogo za halmashauri na za kaunti zinazotumiwa na mgambo na askari wa jiji, ambao kwa mwanamke wa barabarani ndio sheria anayokutana nayo kila usiku. Vipo pia vifungu vinavyomtisha mwenye nyumba na wanaoishi kwa kumtegemea mwanamke huyo. Bunge likifuta kosa katika sheria kuu na kuyaacha hayo mengine, kukamatwa kutaendelea chini ya jina lingine, na mwanamke aliyeibiwa au kupigwa na mteja ataendelea kupima mara mbili kabla ya kwenda kituoni.