Kuhama na Kumwacha Mwenzako: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwisho wa mwezi ukifika, kuanzia Roysambu hadi Pipeline jijini Nairobi, pikapu hupita zimebeba magodoro na mitungi ya gesi. Anayehama nyumba nzima ana shughuli moja tu. Mwenye kazi ni yule anayetoka huku mwenzake akibaki, maana yeye huondoka na ushauri wa marafiki, na mwingi wa ushauri huo si sahihi.

"Nikishatoa vitu vyangu, kodi si yangu."
Kama jina lako limo kwenye mkataba, bado ni yako. Mikataba mingi ya wapangaji wawili huwabana wote pamoja na kila mmoja peke yake. Mwenzako asipolipa, mwenye nyumba anaweza kukudai kodi nzima, wala si nusu, hata kama sasa unalala Rongai. Kinachokutoa ni maandishi: mkataba mpya kwa jina la anayebaki, au barua yenye sahihi ya mwenye nyumba au ajenti wake ikisema umeachiliwa kuanzia tarehe fulani. Naye halazimiki kukubali. Atataka kujua kama anayebaki ataimudu kodi peke yake, swali ambalo ninyi wenyewe mngejiuliza kwanza.

"Nimemwambia keateka, imetosha."
Keateka akihamishiwa ploti nyingine, neno lako linakwenda naye. Andika notisi. Fuata muda uliotajwa kwenye mkataba. Kama haukutajwa na kodi ni ya kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, nayo iishe siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo ukiandika tarehe 12, usihesabu hadi tarehe 12 ijayo, bali hadi siku ya kodi inayofuata baada ya hapo. Eleza pia kwamba unatoka peke yako, la sivyo mwenzako ataamka siku moja akute watu wameletwa kuiona nyumba.

"Nusu ya dipoziti nitaidai kwa landilodi."
Hapa ndipo urafiki mwingi huvunjikia. Kwa kawaida dipoziti hurudishwa nyumba ikiwa tupu na imekaguliwa, baada ya kukatwa rangi na vilivyoharibika. Maadamu mtu bado anaishi humo, nusu yako itatoka kwa anayebaki au kwa anayeingia. Tuseme kila mmoja alitoa shilingi 12,000: mpangaji mpya akulipe wewe hizo 12,000, lakini kabla ya hapo zungukeni nyumba wote watatu mkipiga picha. Soketi iliyoungua wakati wako ikatwe kwenye pesa zako. Si haki mgeni ainunue. Risiti ikiwa na jina la mwenzako pekee, tunza ujumbe wa M-Pesa ulipomtumia, na umwombe aandike kwamba ni pesa za dipoziti.

Kuna pia wale wanaosema dipoziti ihesabiwe kuwa kodi ya mwezi wa mwisho. Mikataba mingi hukataza, na kwa vile mwenzako anabaki, utakuwa umekula kinga yake.

"Jina langu halimo kwenye mkataba, sidaiwi na mtu."
Mwenye nyumba huenda asikupate, lakini mwenzako anaweza, kwani makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano. Na kama jina lililomo ni la anayetoka tu, anayebaki azungumze na ajenti mapema.

"Tukikosana, tutaenda kwenye baraza la kodi."
Baraza hilo liko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, inayohusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nairobi ya leo, hesabu mwenyewe ni ngapi zimebaki. Ugomvi wa pesa kati yenu unafaa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili.

WiFi iliyo kwa jina lako ifunge au ihamishe. Halafu uliza kama bawabu anataka barua ya ajenti kabla ya vitu kupita getini. Iombe katikati ya wiki, maana Jumapili utakuta ofisi imefungwa na mwenye pikapu anakuhesabia saa.