Al-Shabaab wanamwandikia nani?

Mtu anayeanza kuchambua tovuti za makundi yenye itikadi kali hukimbilia kuhesabu aya na picha za bunduki. Mimi huanza na swali jingine: hapa anasemeshwa nani? Kwa Al-Shabaab, swali hilo linafumbua mengi kuliko itikadi yenyewe.

Januari 2014 waliyapa makampuni ya simu ya Somalia siku 15 yawe yamezima intaneti ya simu katika maeneo waliyoyashika. Miezi michache tu kabla ya hapo, Septemba 2013, watu haohao walikuwa wakitangaza shambulio lao la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, kwenye Twitter huku risasi zikilia. Akaunti moja ikifungwa, wanafungua nyingine. Watu 67 waliuawa pale. Wengine huona huo ni unafiki, mimi naona ni mgawanyo wa kazi. Raia walio chini yao wana Redio Andalus, kituo cha kundi lenyewe, na redio haimpi msikilizaji nafasi ya kubofya kwingine. Intaneti ni ya walio nje.

Nao walio nje hawaambiwi maneno yaleyale. Kiingereza cha HSM Press, akaunti yao ya Twitter iliyofunguliwa Desemba 2011, kilikuwa cha kejeli na madoido. Msemaji wa jeshi la Kenya, Meja Emmanuel Chirchir, alikuwa ametangaza kwamba misafara ya punda wenye mizigo itahesabiwa kuwa shughuli za Al-Shabaab. Wakamjibu kwamba mkakati wake umewatia wasiwasi watetezi wa haki za wanyama. Kijana wa mtaa wa Majengo hakuandikiwa utani huo. Waliandikiwa waandishi wa habari wa kigeni, nao wakaunukuu na kuusambaza duniani bure.

Kiswahili chao ni habari nyingine kabisa. Gaidi Mtaani, jarida lililoanza kutoka 2012 kama faili la kupakua, halichezi hivyo. (Viungo sitaviweka hapa, mtafiti wa kweli anajua pa kuomba.) Linaanzia kwenye manung'uniko ambayo msomaji wa Mombasa au wa Eastleigh, Nairobi, keshayasikia barazani: unyanyasaji wa polisi, Waislamu kubaguliwa, kuuawa kwa mhubiri wa Mombasa, Sheikh Aboud Rogo, Agosti 2012. Mengi yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yananasa. Kazi yangu ni kutafuta mshono, yaani sentensi ile ambapo "tumeonewa" inageuka kuwa ruhusa ya kumuua abiria wa basi asiyemjua hata huyo polisi. Mara nyingi mshono huo umefichwa chini ya picha ya maiti, mahali ambapo msomaji hasomi tena kwa utulivu.

Kufunga akaunti kunasaidia, sikatai. Lakini faili likishaingia kwenye simu linapita mkono kwa mkono, na takwimu za tovuti hazilioni. Kwa hiyo, baada ya tukio, kabla sijagusa idadi ya waliotembelea ukurasa, hufungua magazeti ya asubuhi: ni picha gani ya skrini imechapishwa, na ni mhariri gani ameiacha na nembo ya kundi juu yake.