Taka za Mionzi Ndani ya Maji ya Nyuzi 500: Bomba Huliwa Wapi?

Viyeyusho, mafuta na resini (vijipunje vya plastiki vya kuchujia maji) zilizochafuliwa na mionzi zinaweza kuunguzwa ndani ya bomba lenye maji ya joto la nyuzi 500, yakitiwa oksijeni. Wengi wakisikia hivyo hudhani bomba huliwa zaidi pale penye joto kali kuliko kote. Sivyo. Maji yakishapita nyuzi 374 za Selsiasi na shinikizo la baa 221, si kimiminika wala si mvuke. Yanakuwa mepesi, mafuta na oksijeni huchanganyika nayo vizuri, na asidi haivunjiki kwa urahisi kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji zinazokula metali. Balaa liko njiani, kwenye kipasha joto na kwenye kipozeo, kati ya nyuzi 300 na 370 hivi, maji yakiwa moto lakini bado mazito. Hapo asidi ya hidrokloriki, inayotokana na klorini iliyomo kwenye taka zenyewe, hutoboa ukuta vijishimo na kuupasua nyufa. Sehemu ya katikati, iliyopata moto wote, mara nyingi hutoka na afadhali.

“Basi wekeni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya bei mbaya.” Nalo hilo halitoshi. Aloi moja ya namna hiyo, Inconel 625, ina nikeli isiyopungua asilimia 58 na kromi asilimia 20 hadi 23, na kweli hukishinda chuma cha pua cha kawaida. Ila kinachoikinga ni utando mwembamba wa oksidi ya kromi, na ndani ya asidi moto yenye oksijeni nyingi utando huo huyeyuka. Yaani oksijeni ileile inayoteketeza taka ndiyo inayolivua bomba nguo. Titani huistahimili hidrokloriki ya namna hiyo, lakini asidi ya sulfuriki moto, ambayo resini nyingi huizaa, huishinda.

Wapo pia wanaoamini kwamba mionzi nayo inaungua. La hasha! Kinachoungua ni kaboni. Seziamu-137, mojawapo ya elementi zenye mionzi, itapungua kwa nusu kila miaka 30 hivi, uipike usiipike. Na nikeli iliyomomonyoka inaongeza uchafu kwenye maji hayohayo. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito: kwingine bomba likichoka unalitupa, huku bomba lenyewe limeshakuwa taka ya mionzi, na fundi anayelifungua anahesabiwa dozi ya mionzi.

Wafaransa wa CEA, shirika lao la nishati ya atomiki, kule Marcoule kusini mwa Ufaransa, waligawa kazi: silinda ya nje inabeba shinikizo, mrija wa titani wa ndani unapambana na asidi na chumvi. Shinikizo likiwa sawa pande zote mbili, mrija huo hauhitaji unene.