Homa ya ini B ngazi ya zahanati: tunayoambizana na ukweli wake

"Hana dalili, virusi vimelala, aende zake nyumbani."

Kauli hii ndiyo naiona mbaya kuliko zote. Mtu kaenda kuchangia damu, au mama kahudhuria kliniki ya wajawazito, kipimo cha HBsAg (kinachoonyesha kuwa virusi vya homa ya ini B vimo mwilini) kimesoma chanya, anaambiwa asijali. Ini linaweza kujaa makovu kwa miaka mingi bila maumivu wala macho ya manjano, na kwa homa ya ini B saratani huweza kuota hata kabla makovu hayajakomaa. Kipimo kikibaki chanya zaidi ya miezi 6, ugonjwa ni sugu. Mgonjwa afunguliwe faili na apewe tarehe ya kurudi, kwani asiyehitaji dawa leo huenda akaihitaji mwakani.

"Hii ni kazi ya bingwa."

Kwa aliyejaa maji tumboni, anayetapika damu au aliyechanganyikiwa akili, sawa, rufaa itoke siku hiyohiyo. Wengi waliobaki wanahudumika kwenye kituo cha afya. Dawa kuu ni tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, ambayo wahudumu wa CTC (kliniki za tiba na matunzo) wameitoa kwa miaka ndani ya dawa za VVU. Usianze bila kupima VVU: tenofovir peke yake kwa mwenye VVU huzalisha usugu. Angalia na figo.

Makovu nayo yanakadiriwa kwa hesabu ya APRI: gawanya AST (kimeng'enya cha damuni kinachopanda ini likiumia) kwa kiwango chake cha juu cha kawaida, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa idadi ya chembe sahani (zinazogandisha damu) katika maelfu. AST ya 60, kiwango cha juu 40, chembe sahani 200: jibu ni 0.75. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Machi 2024 unasema mtu mzima akizidi 0.5 aanzishiwe dawa, hata kama wingi wa virusi haujapimwa.

"ALT ni 38, maabara imeandika kawaida."

ALT nayo ni kimeng'enya kinachopanda ini likiumia, na WHO inahesabu mwisho wa kawaida kuwa 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Kwa mwanamke, 38 ni mara mbili.

"Virusi havionekani tena, aache dawa."

Havionekani kwa sababu anameza. Akikatisha ghafla vinaweza kulipuka, na mwenye makovu makubwa ini linaweza kushindwa kabisa. Kwa hiyo dawa zikikaribia kuisha stoo, hawa nao wahesabiwe.

"Mume wake ndiye aliyemletea."

Ndoa zimevunjika kwa hili. Mtu mzima akiambukizwa, uwezekano wa ugonjwa kuwa sugu hauzidi asilimia 5. Mtoto mchanga ni kama asilimia 90. Wagonjwa wengi wa Afrika waliupata utotoni, kabla hawajamjua mwenza. Kutenga sahani hakuna maana, na mama anyonyeshe; wembe na mswaki ndivyo visishirikiwe. Kumchanja mgonjwa mwenyewe hakumsaidii. Wapimwe mwenza, watoto na ndugu, wasio na virusi wala kinga wachanjwe. Mjamzito mwenye HBsAg chanya, pale ambapo vipimo vya wingi wa virusi na HBeAg (alama ya virusi kuzaliana kwa kasi) havipatikani, WHO inaruhusu apewe tenofovir kuanzia miezi mitatu ya pili, na mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa.