Vilima vya Pemba na Unguja: yasemwayo na yalivyo

"Zanzibar haina milima, kote tambarare."

Anayesema hivi kafikia Paje, kaogelea, karudi zake. Mlima hasa hatuna, ni kweli: Masingini, kilele cha Unguja, ni kama mita 120 tu, na Pemba haifiki hapo. Lakini apande baiskeli kutoka Chake hadi Wete kwa njia ya zamani, kisha tuzungumze. Magharibi ya Pemba ni kilima baada ya kilima, na baina ya viwili huwa kuna bonde lenye maji lililopandwa mpunga. Masingini nayo, kwa udogo wake, inanyonya mvua, na maji yake huja kutokea kwenye chemchemi za huku chini. Maji ya Bububu ndiyo Seyyid Barghash aliyoyavuta hadi mjini katika karne ya 19.

"Unguja na Pemba zilikatika bara pamoja."

Hapa ndipo penye uhondo. Bahari kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji ya bahari yaliposhuka zaidi ya mita 100, mtu angetoka Bagamoyo kwa miguu akafika. Katika pango la Kuumbi, kule Jambiani, wachimbuaji wamekuta hata mifupa ya punda milia. Pemba ni habari nyingine: mkondo wa bahari unaoitenga na bara unafika kina cha mita 800 hivi, kwa hiyo hata bahari ilipopungua, yenyewe ilibaki kisiwa. Asubuhi ya anga safi milima ya Usambara huonekana ng'ambo, na wapo wanaodhani vilima vya Pemba vilimeguka huko. Wapi! Usambara ni mwamba mgumu wa kale mno. Pemba ni mchanga, udongo na chokaa. Volkano pia haimo.

"Chui wa Unguja waliletwa na wachawi."

Ngano inasema kila chui ana mwenyewe, anamfuga na kumtuma kwa adui. Lakini chui walikuja kwa miguu yao wakati njia ipo, bahari ikawafungia. Tena Pemba, inayosifika kwa uganga pwani nzima, haina chui. Wachawi wake walishindwa nini? Imani hii iliwagharimu wanyama wale. Baada ya Mapinduzi ya 1964 waliwindwa kwa kampeni, na kufikia miaka ya 1990 wataalamu walihofu kwamba wamekwisha.

"Kijani chote cha Pemba ni msitu."

Kingi ni mikarafuu, minazi na miembe iliyopandwa na watu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikapona, na tangu hapo karafuu ni ya Pemba. Msimu wa mavuno utaikuta imeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na harufu yake inakupokea kabla hujaiona.

"Msitu wa Ngezi, kule Pemba, umesalimika kwa sababu ya mashetani."

Mashetani hawakuzuia kiwanda cha mbao kilichokuwa humo humo msituni. Kilichosaidia zaidi ni ardhi yake ya kichanga, isiyofaa kwa mikarafuu, kisha msitu ukawekwa hifadhi. Na kima punju wa Ngezi si wenyeji, walihamishiwa huko kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Mwenyeji hasa ni mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao kwa asili ni wa Pemba tu.

"Popo wa Pemba ndiye Popobawa."

Popobawa ni habari ya jini, ile iliyowafanya watu walale nje mwaka 1995. Popo wa Pemba ni mnyama mla matunda, mabawa yake yakitandazwa yanapita mita moja na nusu, na hapatikani kwengine duniani. Wala hakuogopwa kiasi hicho: alikuwa kitoweo. Aliwindwa mpaka akakaribia kutoweka, ndipo wanakijiji wa mahali kama Kidike walipoanza kumlinda, na sasa idadi yake imepanda tena.