Skuna ni chombo cha aina gani?

Chombo cha kigeni chenye matanga kikitia nanga katika ghuba ya Mikindani, wengi wetu hukiita yoti bila kukitazama zaidi, hata kama kimeundwa kwa mbao na kina milingoti miwili. Neno skuna lina maana mahususi, na sisi wa pwani ya Lindi na Mtwara hatuna sababu ya kuliona geni, kwa kuwa viungo vingi vya chombo hicho tayari tuna majina yake kutoka kwenye jahazi.

Skuna ni chombo chenye milingoti miwili au zaidi, ambacho matanga yake makuu hukaa kwa urefu wa chombo, kutoka omo, yaani mbele, kwenda tezi, yaani nyuma, wala hayakingami kama yale ya merikebu za kale. Skuna ikiwa na milingoti miwili, wa mbele huwa mfupi kuliko wa nyuma au hulingana nao, na sharti hili ndilo linalobainisha jina. Jahazi kubwa lenye galme, yaani mlingoti mdogo wa nyuma, lina milingoti miwili vilevile, lakini mkubwa uko mbele na mdogo uko karibu na tezi, kwa hiyo si skuna. Ukubwa hauhusiki, wala mbao hazihusiki: Thomas W. Lawson, skuna ya Marekani ya mwaka 1902, iliundwa kwa chuma cha pua na ilikuwa na milingoti 7.

Tofauti inayomgusa baharia zaidi ni namna tanga linavyofungwa. Tanga la jahazi hushikwa na foromali, ule mti mrefu unaopandishwa kwa kamba iitwayo henza, na anayetaka kuligeuzia tanga upande wa pili hulazimika kuizungusha foromali kwenye mlingoti, kazi inayotaka mikono mingi na yenye hatari usiku penye mawimbi. Tanga la skuna limefungwa kwenye mlingoti wenyewe kwa ubavu wake mmoja, likiwa na mti juu na mti chini, hivyo omo inapoukata upepo tanga huhamia lenyewe upande wa pili. Kwa hiyo watu wachache hutosha kuiendesha. Wavuvi wa Kanada na Marekani waliithamini sana. Bluenose, iliyoundwa Lunenburg, Kanada, mwaka 1921 na kusifika kwa kushinda mbio, ilikuwa pia chombo cha kuvulia samaki.

Mtu anayetoka Mikindani kwenda Ngazija, kisiwa cha Komoro, wakati wa kusi ana zaidi ya kilomita 300 mbele yake, na anaelekea karibu kulekule upepo unakotoka. Nahodha wa jahazi hungoja msimu, na kungoja huko ndiko kulikoiunganisha Kilwa na Bara Arabu na Bara Hindi kwa karne nyingi. Mimi sioni kuwa ni udhaifu. Skuna inaweza kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, huku na huku, mchana na usiku, hadi ifike.

Kuhusu kuiunda kwa mikono, kazi yenyewe haitofautiani sana na ya mafundi wetu. Nimekaa mara nyingi ufuoni, maji yakiwa yamekupwa, nikimtazama fundi akitia kalafati: anasokota pamba iliyolowa mafuta, anailaza kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, kisha anaigongelea ndani taratibu huku akisikiliza, kwani mlio ukibadilika kuwa mzito anajua kwamba mwanya umeshiba. Skuna ya mbao nayo hutiwa kalafati hivyohivyo. Mataruma, yaani mbavu, ya chombo kizuri hutafutwa kwenye miti iliyoota na kombo lake, maana ukilichonga kombo kutoka kwenye mti ulionyooka unazikata nyuzi zake, na taruma hupasuka pale pale palipokatwa. Ubao wa kupindwa sana huwekwa kwanza kwenye mvuke mpaka ulainike.

Kinachoifanya skuna ifae safari za mbali kimo zaidi chini ya maji. Jahazi lisilo na shehena hupakiwa farumi, yaani uzito wa kulituliza, ya mawe au mchanga, ambayo inaweza kuhama chombo kikiyumba. Skuna ya kisasa ya safari ndefu mara nyingi huwa na uzito wa madini ya risasi au chuma uliofungwa kwenye mkuku wenyewe, ule mti wa chini kabisa wa chombo, hivyo ikilazwa na upepo huinuka tena. Sitaha yake hufunika chombo chote, na maji yanayopanda hutoka kupitia matundu ya pembeni badala ya kujaa kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo. Dhoruba ikizidi, nahodha hulivutia tanga dogo la omo upande wa joshini, yaani upepo unakotoka, hupunguza tanga kubwa na kuufunga usukani. Matanga hayo hupingana, chombo kikawa kinasogea polepole sana, na mabaharia wakapata kulala na kula chakula cha moto.